Nauli ya Mtu wa Nne

Jumatatu, 2 Juni

Sista Lea wa kliniki ya macho, Korogwe, kaniambia niandike. "Mzee Muhsin, wewe una mwandiko. Niandikie mama anaona nini na haoni nini, tarehe kwa tarehe. Usiniletee habari za 'anaendelea vizuri'." Haya. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hakuna gazeti lililofungiwa vitumbua wilaya hii ambalo sijalisoma, mafuta na yote.

Anachoona: mlango, moto, na mimi nikisimama kushoto kwake. Asichoona: uso wangu, jambo ambalo anasema halijampunguzia kitu.

Ni presha ya macho. Si mtoto wa jicho, yule wa kutolewa kisha ukarudi unachambua mchele. Kilichokwenda hakirudi, kasema Sista, matone yanachelewesha tu. Nikauliza yanachelewesha mpaka lini. Akasema mpaka vuli labda, halafu akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Tulikuwa Segera, tunasubiri bodaboda ya kurudi Mazingara. Hapo mama akasema, "Basi nipelekeni Pemba nikatembee, kabla hapajafungwa."

Jumatano, 4 Juni

Nieleze, maana Sista huenda akasoma. Mama yangu, Bi Zamda, alikuwa na kaka mmoja, jina lake Muhsin. Alikwenda Pemba kuchuma karafuu, akarudi na kanga mbili na maneno mengi. Kwamba kule kuna popo wenye nyuso za mbweha, wanalala mchana kutwa wamening'inia juu ya miti kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Kwamba mwisho wa kisiwa kuna mnara wa taa, ukipanda unaona maji pande tatu. Kwamba kuna msitu unaingia na jua lako, unatoka huna. Akamwambia mdogo wake, wakati huo msichana wa kuchota maji, kwamba msimu ujao akirudi atamchukua akaone mwenyewe.

Msimu ulipofika akaenda. Hakurudi. Haikuja barua wala sanduku, hakuja hata mtu wa kusema nilimwona mahali. Bibi yangu akakataa matanga: utamkaliaje matanga mtu ambaye huenda yumo kwenye basi la jioni? Nilipozaliwa akanipa mimi jina lile ili, alisema, lisipoe.

Kwa Kizigua ndugu wa kiume ndiye lumbu wa mwanamke. Kwa hiyo mama hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Ananiita Lumbu, kwa ajili ya jina. Na ananiita mara mbili, kwa sababu kwetu ukiitwa mara moja huitiki. Anayeita mara moja hujui ni nani. Shuleni nilichapwa sana kwa desturi hii. Mwalimu alidhani mimi kiziwi, alipopima masikio akadhani mimi jeuri.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nyama ngumu, wageni wengi. Mama kawatambua wote kwa sauti, na mmoja kwa deni.

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha bajeti. Dada yangu Maryamu kafunga kibanda chake cha chai pale Segera akaja, na hilo peke yake ni tukio. Tumeandika: nauli mpaka Tanga, boti, nyumba ya wageni usiku mbili, gari la kukodi, chakula, kiingilio cha msitu, kiingilio cha popo. Maryamu aliposikia popo wana kiingilio aliomba maji ya kunywa. Akasema hapa kwetu popo wanakula maembe yetu miaka yote na hatujawatoza kitu.

Pesa zitatoka kwenye machungwa. Kila kitu kwetu kinatoka kwenye machungwa, isipokuwa mvua.

Mama alikuwa anasikiliza. Mwisho akauliza, "Mmehesabu wangapi?"

"Watatu, mama."

"Ni wanne."

Nikamweleza kwamba marehemu hawalipi nauli.

"Nani kakwambia marehemu?"

Maryamu aliniangalia. Nikasema chai imepoa, tuendelee siku nyingine.

Alhamisi, 12 Juni

Anachoona: moto. Mlango anaupapasa.

Jumanne, 17 Juni

Kaja Hiza, mnunuzi kutoka Lushoto, na Fuso lake. Kapita chini ya miti, kachuma moja, kalikata, kalinyonya, kanipa ganda. "Bado, mgosi," yaani bwana kwa Kisambaa. "Yaache yakolee." Nikamwambia sina wiki za kukoleza, nina mgonjwa. Akasema chungwa halijui habari za mgonjwa. Ana tabasamu la mtu aliyekwisha kuuza mali yako zamani, imebaki kukuarifu tu.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi ya ukungu. Tulikuwa uani, namtia matone. Akasogeza uso pembeni ya mkono wangu kama mtu aliyezibiwa dirisha.

"Yule mtu kwenye machungwa ni wa Hiza?"

Nikageuka. Machungwa, ukungu, mbuzi wa jirani. Nikasema hakuna mtu. Akasema yupo, kavaa kaptura ya kaki na singlendi, kabeba kikapu begani. Nikauliza uso wake ukoje, kumkamata tu, maana wa kwangu hauoni tangu Ramadhani. Akasema ana alama chini ya kidevu, ya mwiba, na ameshika ndewe ya sikio kama mtu anayewaza.

Mimi nami nilikuwa nimeshika ndewe. Ni mazoea. Nikashusha mkono.

Jumatatu, 30 Juni

Korogwe. Nimemsomea Sista niliyoandika. Hakucheka. Kasema macho yanapokufa kichwa hakikubali kukaa gizani, huanza kujionyesha picha chenyewe: wengine huona watoto, wengine maua, kuna bwana mmoja huona askari wa gwaride kila saa ya chakula. Si wazimu, na si mashetani. Nimefurahi sana kwa maelezo haya. Nimeyarudia kwenye basi mpaka Segera, kimoyomoyo, kama mtu anayejifunza dua.

Nimemweleza mama vizuri, taratibu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo Sista ni mtoto mzuri. Ana mchumba?"

Alhamisi, 3 Julai

Mtu yupo karibu na mti wa tatu. Mti wenyewe hauoni.

Ijumaa, 4 Julai

Yupo.

Jumanne, 8 Julai

Jambo la leo naliandika kama lilivyotokea, kila msomaji atajua la kufanya nalo.

Mama kwa sasa anakanyaga kuku. Kutoka kitandani mpaka chooni anagonga vitu vyote alivyovinunua mwenyewe. Mkongojo kaukataa, na ukimshika mkono anaukung'uta kama mtu aliyeguswa na nzi. Leo alasiri nimetoka kisimani sikumkuta. Nikamwona katikati ya shamba, anatembea. Hakupapasa. Alikuwa ananyoosha, akifika mti anaukwepa, kisha anarudi kwenye mstari wake uleule, kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye njia nyembamba. Nikamfuata kwa nyuma, sikumwita. Alipita kwenye mawe, akapita kwenye ule mtaro ambao mimi mwenyewe hujikwaa, akatokea barabarani pale penye kisiki cha mkorosho. Akasimama.

"Hapa ndipo alipopandia gari," akasema.

Nikamwambia mama, njia ya kwenda barabarani ni ile ya msikitini. Akasema hiyo ni ya juzi. Ya zamani ilikuwa hii, baba yako alipopanda machungwa akaifunga, ndiyo maana mtu wa watu kila siku anahangaika mitini hajui apite wapi.

Baba alipanda machungwa kabla sijazaliwa. Hili la njia nimemuuliza mzee wa jirani jioni. Kasema ni kweli.

Sista hakuniambia kwamba picha za kichwani zinajua kukwepa mtaro.

Jumatano, 9 Julai

Sijaingia shambani. Najisikia mafua.

Jumanne, 15 Julai

Hiza anasema bei imeanguka, malori yamejaa barabarani, kila mtu kachuma kwa pupa. "Ningekuwa wewe ningesubiri Agosti." Mimi nilisikia: subiri mama awe kipofu kabisa upate faida. Nilimwambia hivyo hivyo. Akatazama viatu vyake. Akasema kwao Lushoto walisubiri bei ya viazi ndipo wampeleke baba yake Muhimbili. Bei ilipanda. Hakumalizia, wala sikumtaka amalizie.

Jumapili, 20 Julai

Ugomvi na Maryamu. Nilidhani anabania pesa. Tangu utotoni nimemhesabu kuwa ana mkono wa birika. Nimemkosea. Alinivuta nyuma ya jiko, akazungumza kwa sauti ya chini kuliko nilivyomzoea, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Akasema: mama hatuoni sisi. Moto wenyewe kesho kutwa hauoni. Kilichobaki duniani anachokiona wazi, mpaka alama ya mwiba, ni mtu yule mmoja. Sasa sisi tunampeleka Pemba akafanye nini?

Nikasema kutembea, kuona popo.

"Kaka, acha utoto. Anakwenda kumzika. Na akishamzika ataona nini tena? Mwache na mtu wake."

Nilijifanya kukoleza moto, na ulikuwa hauhitaji.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemuuliza mwenyewe. Nilimkuta mkekani, uso umeelekea machungwani, anatabasamu kidogo kama mtu aliyealikwa mahali. Nikasema mama, Maryamu anahofia. Akasema ametusikia jana, jiko letu halina ukuta wa maana.

Akasema bila kugeuka:

"Anachoka, Lumbu. Kila siku ana kikapu begani, hajakitua. Miaka sitini na ngapi sijui, kijana wa watu hajakaa chini. Mimi nimekaa nimemtazama naona raha, kwa vile sina kingine cha kutazama. Huo si ndio uroho?"

"Na ukimzika utabaki na giza tupu."

"Ndiyo."

Akaomba maji. Nilipompa akasema safari ibaki ya matembezi vilevile, popo na mnara na msitu, kwa sababu hajawahi kutembea maisha yake yote, na hawezi kuanzia makaburini kama mtu mwenye mkosi.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeuza. Hiza kanipa bei ambayo si ya soko wala ya kwake. Nilipomshukuru alikasirika, akasema machungwa yangu ni machachu na nisimtangaze kwa wenzake. Maryamu amenunua biskuti za njiani. Kwa maneno mengine, anakwenda.

Jumanne, 5 Agosti. Tanga, halafu Wete

Hiza alikuwa na mzigo wa Tanga. Mama kakaa kiti cha mbele, sisi nyuma na machungwa, tumeshuka bandarini tunanuka kama sharubati.

Tiketi tatu. Mama hakubisha, nikashukuru Mungu. Kumbe alikuwa na namna yake. Boti ilijaa, watu wamesimama mpaka ngazini, na kando ya mama kiti kitupu, kaweka kiganja chake juu yake. Kaja bwana mmoja na mtoto, mtu mzito, amechoka, akainama akae. Akasita. Akasema, "Samahani, nilidhani hakuna mtu," akaenda zake kusimama.

Labda aliona kile kiganja. Nimejiambia hivyo mpaka kisiwa kikatokea.

Maryamu alitapika njia nzima. Alisema hii ndiyo faida ya kulipia chakula.

Jumatano, 6 Agosti

Popo. Unalipa, unapewa kijana, anakupeleka chini ya miti mirefu. Nilitazama juu. Kweli ni nyuso za mbweha, na manyoya ya rangi ya kahawa. Wamejifunika mbawa zao kama wafiwa mvuani. Walikuwa wengi mno, wananong'ona. Nikaanza kumweleza mama. Akaniambia ninyamaze, anaonyeshwa. Alikuwa ameinua kidevu mahali hasa walipokuwa, akikigeuza taratibu kutoka tawi hadi tawi kwa kufuata kidole nisichokiona. Maryamu aliangalia pembeni, akafuta macho, akasema ni vumbi. Palikuwa na unyevu kila mahali.

Msitu pia tumeingia. Jua halikuingia nasi, kama alivyosema.

Mnara. Dereva wetu wa gari la kukodi, mpole, akasema mama abaki chini, ngazi ni nyembamba na zinazunguka. Mama alikwisha kupanda. Hakunipa mkono. Aliweka mguu baada ya mguu, akisimama pale ambapo mtu aliye mbele yake angesimama kuvuta pumzi. Juu palikuwa na upepo na maji pande tatu. Akasema, "Hakunidanganya." Mimi nilishikilia chuma kwa mikono yote miwili, na sikumwambia mtu kwamba nilihesabu vishindo vya nyayo wakati wa kushuka na vilikuwa vya mtu mmoja zaidi yetu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeandika hii mchana, nyumba ya wageni.

Asubuhi mama alimwambia dereva: tupeleke kwenye mashamba ya karafuu walikolala watu wa Bara. Dereva akasema mama, mashamba ni mengi. Akasema wewe endesha, nitakwambia. Tukaenda na madirisha wazi. Karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, harufu inaingia mpaka kooni. Mara akasema, "Hapa. Kashuka."

Nyumba moja, bibi mmoja wa makamo anageuza karafuu kwa mguu. Akajitambulisha kwa jina la Bi Mwantumu, akatukaribisha, hakuuliza maswali mengi. Akasema mwisho wa shamba la marehemu babake kweli kuna makaburi ya wachumaji. Aliyeanguka kutoka mtini na hana jamaa alizikwa pale. Majina hayakuandikwa. Yapo mawe tu, ya kichwani na miguuni.

Mama alikwisha kutangulia. Alipita mkarafuu kwa mkarafuu, hakugusa shina, tukamfuata kama watoto wa chuo cha Kurani. Mawe yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, yameota kuvu. Akapita la kwanza, akapita mengine, akasimama.

"Katua kikapu," akasema. "Kakaa chini."

Nilitazama. Jiwe dogo, majani makavu. Sitaongeza neno ambalo sikuliona.

Mama akaniambia, "Wewe ndiye mwenye jina lake. Mwite, umuage. Umwite mara mbili, ajue ni mtu."

Ni jambo gumu kujiita mwenyewe, mtu mzima, mbele ya dereva. Nikaita, "Muhsin." Sauti ikatoka ya mtoto. Nikakohoa, nikaita tena, "Muhsin." Mwili wote ulitaka kuitika. Maisha yangu yote jina lile likiitwa mara mbili mimi nimesema naam. Niliuma ulimi. Hakuna kilichojibu, hata ndege. Bi Mwantumu akafungua mikono, tukasoma Fatiha wote, na dereva naye.

Tulipomaliza mama alikuwa amesimama uso umeinama. Kisha akauinua, akaugeuza huku na huku, taratibu, kama mtu anayetafuta dirisha kwenye chumba cha ugenini. Nikajua. Maryamu naye akajua, akaketi palepale chini.

Mama akanyoosha mkono hewani, upande ambao hapakuwa na yeyote.

"Nishike mkono, mwanangu. Kumeingia giza."

Kaniita mara moja tu. Nimeitika kabla sijamfikia.

Jumatano, 13 Agosti. Mazingara

Matanga tumekaa, yameisha. Watu walijaa kumlilia mtu ambaye wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati anaondoka. Hiza kaleta tenga la machungwa ya rambirambi. Nimeyatambua: ni ya kwangu.

Sista, hii ni ya kwako. Anachoona: hakuna. Nimemuuliza asubuhi, nimemuuliza jioni. Shambani pia hakuna mtu. Anatembea kwa kushika bega langu na anajikwaa mtaroni kama sisi wote. Ameniuliza leo ule mnara ulikuwa rangi gani, nikamwambia, akasema hivyo ndivyo alivyoukumbuka.

Nimefyeka ile njia ya zamani, kutoka uani mpaka kwenye kisiki. Imebidi kukata michungwa minne, na Maryamu ananiuliza hasara hiyo nimeiandika wapi. Nimesema ni nauli.